Andika kwa Bayana: Somo la Ujumbe wa Biashara



Wengi wetu hapa Arua tunasoma huku tukifanya biashara ndogo. Mmoja anauza vitambaa, mwingine anapeleka maharage au asali Koboko. Karibu kila biashara ya namna hii huanza kwa ujumbe ulioandikwa kwenye simu. Nimeombwa mara kadhaa kusuluhisha ugomvi kati ya wanafunzi na wateja wao, na mara nyingi sikumkuta mwizi. Niliwakuta watu wawili waaminifu waliosoma ujumbe mmoja kwa maana mbili. Hiyo ndiyo sababu ya somo hili.

Msingi wetu ni hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Tazameni kwamba ukweli umetajwa pamoja na kubainisha. Kubainisha huko kwanza ni kudhihirisha kasoro ya bidhaa, nami naona kunafika pia kwenye bei, kipimo na muda. Neno letu "bayana" linatoka katika mzizi huo huo wa Kiarabu. Mtu anaweza asiseme uongo hata mmoja, lakini maneno yake yasiyo bayana yakamtia mwenzake hasara.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Arua anamwandikia mwenye duka wa Koboko hivi:

"Hajji, ile asali ipo, nzuri sana. Bei ni 12,000 kama tulivyosema. Naleta jerikeni tano keshokutwa saa nne. Nitumie nusu."

Ujumbe ni mfupi na una adabu, lakini una mitego minne.

Wa kwanza ni kipimo. Je, 12,000 ni kwa lita au kwa kilo? Asali ni nzito kuliko maji: jerikeni ya lita 20 ina karibu kilo 28. Kwa lita, jerikeni moja ni shilingi 240,000. Kwa kilo ni 336,000. Kwa jerikeni tano, tofauti ni shilingi 480,000. Hapo udugu unaweza kuvunjika bila yeyote kudanganya.

Wa pili ni siku. "Keshokutwa" ina maana siku ujumbe ulipoandikwa. Hajji akiusoma kesho yake, atahesabu siku nyingine.

Wa tatu ni saa. Kwa Kiswahili saa nne asubuhi ni 10:00, lakini sisi tuliozoea ratiba ya masomo ya Kiingereza huandika "saa 4" tukiwa na maana ya 4:00 mchana, ambayo ni saa kumi. Tena tuko karibu na mipaka miwili. Upande wa Congo, kule Ariwara, saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa yake nyuma tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo ikiwa 10:00 Oraba, ng'ambo ya mpaka huko Kaya ni 9:00. Ukiandikiana na mteja wa ng'ambo, taja saa za nchi gani.

Wa nne ni pesa. "Nusu" ya nini, na kwa sarafu gani? Katika masoko ya mipakani kuna shilingi, faranga, pauni na dola. Namba isiyo na jina la sarafu haijakamilika.

Sasa tutafute kielelezo. Katika Sura An-Naml, aya ya 29 hadi 31, imetajwa barua ya Nabii Sulayman (a.s.) kwa malkia wa Saba. Inaeleza imetoka kwa nani, inamtaja Mwenyezi Mungu, kisha inasema linalotakiwa. Malkia aliiita barua tukufu, na akaweza kuieleza mbele ya wakuu wake bila kuhitaji ufafanuzi. Hicho ndicho kipimo ninachowapa: andika ujumbe ambao mpokeaji anaweza kumwonyesha mkewe, mwanawe au karani wake, nao wakaelewa la kufanya bila kukupigia simu.

Kwa kipimo hicho, tuandike upya:

"Assalaamu alaykum Hajji. Ni mimi mwanafunzi wa asali kutoka Arua. Naomba uthibitishe oda hii. Jerikeni 5 za lita 20, jumla kilo 140. Bei shilingi za Uganda 12,000 kwa kilo, jumla 1,680,000. Nitaleta dukani kwako Koboko Jumanne 14/4/2026, saa 4 asubuhi (10:00). Naomba utangulize nusu, 840,000, kabla ya Jumapili 12/4. Iliyobaki utalipa ukipokea. Asali imechujwa. Jerikeni mbili zimeganda. Ni kawaida ya asali, nayo huyeyuka ukiiweka katika maji ya uvuguvugu. Ukikubali, nijibu: Nimekubali."

Huenda mtu akauliza: ujumbe wa biashara si lazima uvutie? Lazima. Lakini "nzuri sana" haimvutii mfanyabiashara, kwa sababu kila muuzaji husema hivyo. Kinachomvuta ni habari anayoweza kuitumia: imechujwa, ni kilo ngapi, itafika lini. Na habari ya zile jerikeni mbili zilizoganda inavuta kuliko sifa zote, maana inamwonyesha kwamba huna unachoficha. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nasi kasoro tuiandike mahali inapoonekana.

Limebaki neno moja linalotuponza: "Sisi ni ndugu, tuandikiane ya nini?" Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni la muda maalumu, nayo imeanza kwa kuwaita walioamini. Basi ndugu ndio walioambiwa waandikiane, na wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Aya pia imempa mwenye kudaiwa kazi ya kutamka maneno yanayoandikwa. Katika simu zetu, anayekopa ndiye aandike: "Nimekopa kiasi hiki, nitalipa tarehe hii," na mkopeshaji ajibu.

Sheria ya nchi nayo inaelekea huko. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Ujumbe wa kielektroniki unaoweza kurejewa baadaye unahesabiwa kuwa maandishi. Ile oda ya asali imeshapita mpaka huo mara tatu, basi msiufute ujumbe wake.

Zoezi: leo fungua simu yako, utafute ujumbe wa mwisho wa biashara ulioutuma. Mpe rafiki asiyeijua biashara hiyo ausome, kisha akwambie ni nini, kiasi gani, bei gani, lini na wapi. Akikwama popote, mwandikie mteja wako tena leo hii, kabla mzigo haujaondoka Arua.

Wabillahi tawfiq.