Chaneli za Filamu za Kihispania Marekani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, hasa zilizotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, zinaishi mitaa ambayo jirani wa mlango wa pili ni Mmeksiko au Mguatemala. Watoto wanafundishwa Kihispania shuleni. Muuzaji wa televisheni akibisha hodi, mara nyingi anacho kifurushi cha Kihispania chenye chaneli za filamu. Je, chaneli hizo zina nini, na zinastahili fedha ya familia?

Zenyewe kwa zenyewe zinatofautiana sana. De Película, ya kampuni ya TelevisaUnivision, inaonyesha filamu za Meksiko, mpya na za zamani. Cinelatino inachanganya: filamu za miaka ya karibuni kutoka Meksiko, Amerika Kusini, Karibiani na Hispania. Halafu ipo Sony Cine, ambayo inategemea zaidi filamu za Hollywood zilizotiwa sauti za Kihispania. Jina la kifurushi halikuambii tofauti hiyo, na muuzaji naye huwa haitaji.

Ushauri wangu ni kuchagua chaneli yenye filamu zilizochezwa kwa Kihispania tangu mwanzo. Kazi ya kutia sauti kwa ajili ya soko la Amerika ya Kilatini hufanywa kwa Kihispania kilichosafishwa, ili mtu wa Bogotá na wa Tijuana waelewe sawasawa. Misemo ya mitaani huchujwa humo. Midomo ya mwigizaji inasema jambo moja na sikio linasikia jingine, jambo linalomchosha anayejifunza lugha. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati hapa: irabu za Kihispania ni zilezile tano tulizokua nazo, kwa hiyo sikio linashika upesi likipewa matamshi halisi.

Hadhira ya chaneli hizi ni kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Kihispania au Kilatino Marekani, na zaidi ya milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani. Tena hadhira hiyo ilikuwapo kabla ya televisheni. Ukumbi wa Million Dollar mjini Los Angeles, uliofunguliwa 1918, baadaye ulikuwa kwa miaka mingi mahali pa filamu na maonyesho ya wasanii wa Meksiko. Mwaka 1955 kituo cha KCOR-TV kikaanza San Antonio, Texas, kikitangaza kwa Kihispania. Galavisión nayo, ilipozinduliwa 1979, ilikuwa chaneli ya kulipia iliyobeba filamu za Kihispania.

Ukitaka kuelewa kwa nini bibi wa Kimeksiko hakubali kubadilisha chaneli Jumapili mchana, mtazame mwigizaji Pedro Infante. Katika Nosotros los pobres ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Ismael Rodríguez, anaigiza Pepe el Toro, seremala maskini wa Jiji la Meksiko anayeishi katika nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja, ambako kila mtu anajua shida ya mwenzake. Katika mwendelezo wake, Ustedes los ricos, mtoto wake mchanga anakufa kwa moto, na Pepe anaupakata mwili huku kicheko na kilio vikichanganyika usoni. Aliyekulia nyumba za uwani za Kariakoo au Bukavu hahitaji maelezo ya maisha hayo. Infante alifariki katika ajali ya ndege mjini Mérida tarehe 15 Aprili 1957, na hadi leo filamu zake zinarudiwa televisheni. Wasomi huuita wakati huo, takriban 1936 hadi 1956, zama za dhahabu za sinema ya Meksiko. Filamu ya María Candelaria ya Emilio Fernández ilipata tuzo kuu katika tamasha la Cannes la 1946, na picha zake nyeusi na nyeupe, zilizopigwa na Gabriel Figueroa, bado zinastaajabisha.

Sasa fedha. Kabla ya kusaini chochote, jaribu vya bure. Univision, UniMás na Telemundo hupatikana kwa antena ya kawaida katika miji mingi, bila malipo ya mwezi, na huonyesha filamu mara kwa mara. Huduma ya mtandaoni ya ViX ina sehemu ya bure yenye matangazo ya biashara, unachohitaji ni intaneti. Ukiamua kulipia kebo au dishi, usiulize bei ya kifurushi tu. Uliza jumla ya bili: ada ya chaneli za kawaida, ada ya michezo, kodi ya king'amuzi. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilipitisha kanuni ya kuzitaka kampuni za kebo na setilaiti kuonyesha bei kamili pamoja na ada ya chaneli za kawaida na ya michezo. Uliza pia bei itakuwa ngapi ofa ikiisha, na faini ya kuvunja mkataba ni kiasi gani.

Nyumbani, washa maandishi ya chini. Kwenye chaneli hizi kwa kawaida huwa ya Kihispania, usitarajie Kiingereza. Kwa mwanafunzi hilo ni jema, maana anasoma neno analolisikia.

Kuhusu watoto, usidanganywe na lugha msiyoielewa. Filamu za magenge na dawa za kulevya ni nyingi humo. Alama za umri za Meksiko ni AA na A kwa wote, B kuanzia miaka 12, B-15 kuanzia 15, C na D kwa watu wazima. Televisheni za Marekani hutumia TV-PG, TV-14 na TV-MA, na seti za inchi 13 au zaidi zilizotengenezwa kwa soko hilo tangu mwaka 2000 zina kifaa cha kufunga vipindi kwa namba ya siri. Kitafute kwenye menyu ya mipangilio, weka namba, na usimpe mtoto.

Muuzaji akirudi, mwombe orodha ya chaneli na jumla ya bili kwa maandishi. Akikataa kuviandika, usisaini.