Kisu kikitoka kwenye jiwe, kipe mkanda

Jiwe la kunolea huacha ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja kwenye makali. Ndio unaofanya kisu kilichotoka kunolewa kiparuze nyanya badala ya kuikata. Kuutoa si lazima ununue kitu. Hapa Nyamisangura, kwa wafugaji, ngozi ya ng'ombe si kitu cha kutafuta mbali: mkanda mkuukuu wa suruali, upande wa ndani wenye manyoyamanyoya, unatosha. Ubandike kwenye ubao usilegee. Huna mkanda? Chukua boksi gumu, gazeti lililokunjwa au kipande cha jinzi kilichochakaa. Dawa ya meno kidogo juu ya boksi husaidia kung'arisha.

Unapopitisha kisu kwenye mkanda, jambo moja halina mjadala: mgongo utangulie, makali yafuate. Ukienda kinyume utauchana mkanda. Na usikandamize: ngozi ikibonyea, makali huviringika yakawa butu.

Wembe wa kukunja wa kinyozi upitishe kwenye ngozi laini tu. Viwembe vya kutumia mara moja, vitupe: kuvinoa ili mchangie ni kukaribisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Kisu kilicho butu kabisa mkanda haukisaidii. Kirudishe kwenye jiwe.