Ufunguo wa Ubao: Somo Kuhusu Tovuti za Serikali na Programu Huria

Wapo wenzetu wanaodai ati Kiswahili hakina lake katika mambo ya kompyuta. Hebu wasikize haya. Mnamo Septemba 2005 ilitolewa programu ya kutengenezea tovuti iitwayo Joomla. Jina hilo ni neno letu “jumla”, limebadilishwa tahajia tu. Waanzilishi wake walilipenda kwa sababu ya maana yake: wote kwa pamoja. Neno hilo ndilo mlango wa somo langu: kwa nini serikali kadhaa zimehamishia tovuti zao kwenye programu za aina hii, na sisi raia yatuhusu nini?

Kwanza, tutazame tovuti ya kizamani. Kila ukurasa uliandikwa na fundi, mmoja mmoja. Nambari ya simu ya ofisi ikibadilika, nayo iko katika kurasa mia, basi fundi azirekebishe zote mia. Tovuti kama hiyo ni sawa na ubao wa matangazo wenye wavu na kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu mmoja. Akisafiri, tangazo huning'inia mpaka lichujuke. Nilipomsaidia shangazi yangu kutafuta habari za basari katika tovuti ya ofisi moja ya umma, tulikuta tangazo la miaka mitatu nyuma. Kumbe ubao ukisahauliwa, mtoto wa mtu anaweza kukosa karo!

Pili, dawa yake ni mfumo wa kusimamia maudhui. Humo maandishi huhifadhiwa katika hazinadata, na sura ya ukurasa, yaani rangi na mpangilio, huwekwa kando. Karani huingia kwa neno lake la siri, akaandika. Mkubwa wake husoma, akapitisha. Papo hapo tangazo huonekana. Si lazima karani ajue lugha ya kompyuta. Mnajua gazeti letu hili linavyotengenezwa: sisi twaandika, mwalimu anahariri, mchoraji anashughulikia jalada. Ni vivyo hivyo.

Tatu, neno “huria”. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Yeyote aweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Serikali hailipii leseni, na isiporidhika na fundi wake humwita mwingine. Lakini tusidanganyane: fundi, seva na mafunzo vyote vinagharimu pesa.

Mfano maarufu ni Ikulu ya Marekani. Oktoba 2009 tovuti yake ilihamia Drupal, programu huria ya Mbelgiji Dries Buytaert iliyotolewa mwaka 2001. Aprili 2010 Ikulu hiyo ikawapa watu wote baadhi ya vipande vya msimbo ilivyojiundia. Desemba 2017 ikahamia WordPress, ambayo pia ni huria. Nayo serikali ya Australia ilianzisha govCMS mwaka 2015, mfumo mmoja uliojengwa juu ya Drupal ili ofisi nyingi ziutumie, badala ya kila moja kuanza upya.

Nne, tahadhari. Tarehe 15 Oktoba 2014 ilitangazwa kasoro kubwa katika Drupal 7, pamoja na kiraka chake. Wiki mbili baadaye walinzi wa Drupal walionya kwamba tovuti yoyote ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo lile ihesabiwe kuwa imevamiwa. Saa saba tu, wenzangu! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ofisi inayoweka programu mpya bila kumteua mtu wa kuitunza imebadilisha kufuli tu.

Basi yatuhusu nini? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Mifumo niliyoitaja inaweza kubeba lugha zaidi ya moja, hivyo kisingizio cha mitambo hakipo. Kinachohitajika ni watu wa kuandika Kiswahili safi, kinachoeleweka na mama aliye sokoni. Kazi hiyo ni yetu. Shime wanachama, tujifunze kutafsiri, maana programu hizi hutafsiriwa na watu wanaojitolea, na mlango uko wazi.

Maswali ya kujipima
1. Eleza tofauti kati ya maudhui na sura ya ukurasa.
2. “Huria si bure.” Jadili.
3. Tafsiri kwa Kiswahili sanifu tangazo moja la ofisi ya umma iliyo karibu nawe.