Magome ya Yirrkala: Hati ya Ardhi Iliyochorwa



Tunaposoma habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, macho yetu hukimbilia kwa Yezebeli na hila zake, na jibu la Nabothi mwenyewe tunalipita haraka. Mfalme Ahabu alimtolea masharti ambayo wengi wetu tungeyaona ya haki: shamba jingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa kwa sababu moja tu, kwamba shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Hakulalamikia bei. Kwake jambo lenyewe halikuwa la bei. Ahabu hakuelewa, alirudi nyumbani, akajilaza kitandani, akageuza uso na kususa chakula.

Katika somo hili tunawatazama watu walioyapitia hayo katika karne ya 20: Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land, nchini Australia. Wao walimjibu Ahabu wao kwa michoro. Na kwa kuwa njia ya michoro hiyo ilipitia kanisani, kando ya altare, habari yao inatugusa sisi tunaojiandaa kuhudumu altareni, na ninyi waamini mnaoizunguka.

Mbao mbili

Yirrkala ilikuwa misioni ya Wamethodisti, iliyoanzishwa mwaka 1935. Katika miaka ya 1962 na 1963 wazee wa koo walichora mbao mbili kubwa, kila moja yenye urefu wa zaidi ya mita 3 na nusu, zikasimamishwa katika kanisa jipya, moja kila upande wa altare. Kwa nini mbili? Kwa Wayolngu ulimwengu wote una pande mbili, Dhuwa na Yirritja. Kila ukoo, kila mnyama, kila mahali pana upande wake, na mtu wa Dhuwa huoana na mtu wa Yirritja. Basi kila upande ulichora ubao wake, na kila ukoo ukachora nchi yake. Miongoni mwa wachoraji walikuwamo Mawalan Marika, Narritjin Maymuru, Birrikitji Gumana na Munggurrawuy Yunupingu.

Hapa tusiharakishe, maana mgeni huona mistari myembamba inayokatana, husifu uzuri wake, na huondoka bila kujua alichokiona. Mistari ile si pambo. Kila ukoo una michoro yake, iliyorithiwa pamoja na nyimbo, ngoma na mahali patakatifu pa ukoo huo, na mtu hajichorei tu mchoro wa wengine bila idhini yao. Mwenye haki ya kuuchora ndiye mwenye haki juu ya nchi inayochorwa. Kwetu hati ya ardhi hutoka ofisini, ina namba na muhuri. Kwao hati imo katika kumbukumbu na mkono wa mzee, na wino wake ni ardhi yenyewe: udongo mwekundu, wa njano na mweupe uliosagwa juu ya jiwe, pamoja na mkaa.

Chini ya misitu ile kuna boksiti, madini ambayo mwisho wake ni alumini ya sufuria zetu. Iko karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo kuichimba maana yake ni kufyeka msitu na kulichukua tabaka la udongo eneo baada ya eneo. Mwezi Machi 1963 serikali ya Australia ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 kutoka katika hifadhi ya wenyeji kwa ajili ya mgodi. Wenyeji hawakuulizwa. Ngazi za juu za kanisa la misioni zilikuwa zimeafikiana na mpango huo. Mkuu wa misioni, Mchungaji Edgar Wells, alisimama na watu wake, naye akahamishwa.

Magome yaenda bungeni

Julai mwaka huohuo wabunge wawili, Kim Beazley mkubwa na Gordon Bryant, walifika Yirrkala. Beazley aliziona mbao kanisani, akashauri kwamba ombi la kupeleka bungeni liandikwe juu ya gome la mti lililochorwa. Ndivyo ilivyofanyika. Maneno yalipigwa taipu kwa lugha yao ya Kigumatj na kwa Kiingereza, yakabandikwa juu ya magome, na pembeni mwake pande zote pakachorwa nchi na viumbe vyake. Walieleza kwamba ardhi ilimegwa kwa siri, kwamba wanaitegemea kwa uwindaji na chakula tangu zamani za kale, na kwamba ndani yake mna mahali patakatifu. Waliomba wasikilizwe kabla ya lolote kufanyika.

Ombi la kwanza liliwasilishwa tarehe 14 Agosti 1963, likiwa na sahihi 12. Waziri husika alitilia shaka kama waliotia sahihi wanawawakilisha watu wao. Tarehe 28 Agosti likaja la pili, likiwa na alama za vidole gumba vya wazee. Bunge liliunda kamati, kamati ikapendekeza fidia na ulinzi wa mahali patakatifu, na mgodi ukaendelea kama ulivyopangwa.

Wayolngu wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kwamba wana mfumo wa sheria wenye utaratibu mzuri, kisha akaamua kwamba sheria ya Australia haiutambui kama umiliki. Mojawapo ya sababu zake inastahili kutafakariwa polepole: aliona kwamba ushahidi unaonyesha zaidi ukoo kuwa mali ya nchi kuliko nchi kuwa mali ya ukoo. Sisi tunaosoma Mambo ya Walawi 25, ambamo Mungu anasema ardhi ni yake na watu ni wageni wake, tungetegemea hoja hiyo iwape ushindi. Iliwashinda.

Sheria ya haki za ardhi ilikuja mwaka 1976, lakini mgodi ulibaki palepale. Galarrwuy Yunupingu, mtoto wa Munggurrawuy, alifungua madai ya fidia, akafariki Aprili 2023 kabla hayajamalizika. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia iliitupa rufani ya serikali katika shauri hilo. Tuongeze jambo moja, tusije tukawageuza watu hawa kuwa picha ya ukutani: ukoo wake wa Gumatj leo unachimba boksiti kwa kampuni yake wenyewe. Ugomvi wa mwaka 1963 ulikuwa juu ya nani aulizwe.

Na zile mbao za kanisani? Katika miaka ya 1970 kanisa liliziondoa. Kituo cha sanaa cha wenyeji ndicho kilichoziokoa, na humo zimehifadhiwa hadi leo. Hili linatuuma kuliko uamuzi wa jaji. Jaji alifungwa na sheria aliyoikuta. Kanisa lilikuwa limeshaupokea ushahidi wa watu mbele ya altare, kisha likautoa nje.

Ni kweli, hawa ni ndugu zetu Wamethodisti, lakini tusijifiche nyuma ya hilo. Tarehe 4 Desemba 1963, miezi michache baada ya magome kufika bungeni, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Sacrosanctum Concilium, ambayo namba yake ya 123 inakiri kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaambia wenyeji wa Australia huko Alice Springs, Novemba 1986, kwamba utamaduni wao haupaswi kupotea. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' namba 146, alifundisha kwamba kwa jamii asilia ardhi ni zawadi ya Mungu na ya mababu waliolala humo, akataja waziwazi wanaosukumwa kuiacha kwa ajili ya migodi.

Kwa vikundi vya masomo: someni 1 Fal 21:1-16 pamoja na namba hiyo ya Laudato si'. Kisha wanaotoka katika parokia zilizo jirani na migodi, kama zile za Geita, wawatafute wazee waliozaliwa pale kabla ya mgodi, wawaulize kumbukumbu ya mahali pale wanaihifadhi katika nini: wimbo, jina la mti, kaburi, au ususi wa kikapu. Andikeni majibu kwa maneno ya wazee wenyewe, si kwa maneno yenu, mje nayo kwenye kikao kijacho.