Jirani Yako Akibebwa na Karandinga, Anza na Namba ya OB

Simu italia saa tatu usiku. Kijana wa jirani amekamatwa maskani pamoja na wenzake sita. Mamake analia na hajui aanzie wapi. Wewe ndiye unayeheshimika mtaani, au ndiye unayejua kuandika barua, au ndiye pekee uliyepokea simu. Basi kazi imeshakuangukia.

Inafanyika. Nakuonyesha kuanzia usiku huo hadi siku utakayosimama mbele ya kamati ya bunge la kaunti. Nazungumzia Pwani ya Kenya, Mombasa hadi Malindi, maana ndiko ninakoijua kazi hii. Ukiwa Tanga au Unguja, sheria utakazotaja ni nyingine, lakini miguu itapita njia ile ile.

Kwanza safisha ulimi. Acha neno "teja". Sema "mtu anayetumia dawa", au bora zaidi, sema jina lake na jina la mamake. Askari akisikia teja, anasikia mtu asiye na wa kumuulizia. Akisikia "huyu ni mtoto wetu wa Majengo", anajua kesho mtarudi.

Kituoni

Nenda mwenyewe. Simu hukatwa, lakini mtu aliyesimama kaunta hakatiki. Nenda na mtu mzima mmoja anayejulikana: mzee wa mtaa, imamu, mwalimu. Msiende kumi, mtaonekana mmekuja kwa vita.

Salimia. Taja jina lako. Uliza mambo matatu tu: amekamatwa kwa kosa gani, namba yake ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, ni ngapi, na atapelekwa mahakama gani lini. Andika majibu hapo hapo, pamoja na saa.

Namba ya OB ndiyo mama wa yote. Asiyeandikwa kwenye kitabu hicho ni kama hayupo kituoni, na asiyekuwepo kwa maandishi anaweza kupatwa na lolote. Ukiambiwa "bado hatujaandika", jibu kwa upole: "Nitangoja." Kisha ukae.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kikae kichwani kama namba yako ya simu. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili. Hawezi kulazimishwa kukiri. Lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na muda huo ukiishia wikendi au baada ya saa za mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Usikisome kwa sauti ya kugombana. Uliza tu: "Afande, saa 24 zake zinaisha saa ngapi?" Swali hilo linamwambia kila kitu.

Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti, na pesa hurudi mshtakiwa akitimiza masharti. Ukiombwa pesa, omba risiti. Wengi hapo hugundua kwamba pesa hazikuwa lazima. Mama wa kijana atataka kulipa haraka amtoe mwanawe, na simlaumu. Mshike mkono, mwambie asubiri.

Sasa jambo ambalo watetezi wapya hulisahau: arosto. Mtu aliyezoea unga, yaani heroini, akikaa saa kadhaa bila kutumia, mwili unamgeuka. Jasho, kutapika, kuharisha, mifupa kama inavunjwa. Akiwa hivyo seli, atatia sahihi karatasi yoyote ili atoke. Kwa hiyo maneno ya kujikinga wafundishwe watu mapema, pale maskani, wakiwa wametulia: "Naitwa fulani. Nataka kuzungumza na wakili." Wayarudie mpaka yatoke bila kufikiri.

Ukimkuta hawezi kusimama, usibishane kuhusu kesi. Omba apelekwe hospitali, na omba ombi lako liandikwe kwenye OB. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikubagua aliye seli.

Kama yuko kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga, peleka kadi yake ya kliniki kituoni na wapigie wahudumu wa kliniki asubuhi mapema. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa kliniki. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unapoteza uzoefu wake, na mara nyingi dozi hushushwa na kupandishwa upya taratibu. Miezi ya kazi inaweza kupotea kwa wikendi moja ya seli. Mwambie OCS, mkuu wa kituo, hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nimeona maafisa wagumu wakilainika wakielezwa, maana hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Bomba mfukoni

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ni ya 1994, na ilifanyiwa marekebisho 2022. Haiadhibu tu aliyekutwa na kete. Inataja hata vifaa vya kutumia dawa. Ndiyo maana mtu akiona askari hutupa bomba lake safi la kujidungia, kisha jioni huazima la mwenzake. Virusi hupita hapo.

Fanya hivi. Tafuta shirika linalogawa sindano safi eneo lako. Mombasa kuna Reachout Centre Trust na MEWA, na Malindi kuna Omari Project. Waombe mwende pamoja kwa OCS kabla hajakamatwa mtu. Mumweleze askari mpango wenyewe, mumwachie namba ya simu ya mtu mmoja wa kumpigia. Rudini kila OCS akihamishwa, na huhamishwa mara nyingi.

Kesi ikifika mahakamani, mwambie wakili au mshtakiwa mwenyewe aeleze hali yake ya kiafya mapema. Sheria hiyo hiyo inampa hakimu nafasi ya kuamuru mtu aliyezoea dawa apelekwe kwenye kituo cha matibabu badala ya kumaliza kifungo chote gerezani. Hakimu hawezi kuitumia nafasi hiyo kwa mtu asiyemjua. Barua ya kliniki yenye muhuri inasaidia kuliko hotuba. Kama hakuna pesa za wakili, uliza msaada wa kisheria wa serikali, uliowekwa na sheria ya 2016.

Hospitali

Mtu akizidisha dozi ya unga, anaacha kupumua. Midomo inakuwa ya buluu, anakoroma, kisha kimya. Dawa ya kumrudisha ni naloksoni, ya sindano au ya kupuliza puani. Mlaze ubavu, usimwagie maji, usimpe maziwa, usimwache peke yake. Hata akiamka, mpeleke hospitali, maana naloksoni inaweza kuisha mwilini kabla ya unga, naye akazama tena.

Mlangoni usianze na hadithi. Sema: "Hapumui vizuri, ni dharura." Maswali ya nani, wapi, na alinunua kwa nani yatangoja. Muuguzi akimtukana mgonjwa, andika saa, wadi na maneno yaliyosemwa. Malalamiko peleka kesho kwa msimamizi. Usiku huo unahitaji mkono wa muuguzi huyo huyo.

Mwanamke mjamzito anayetumia unga huogopa kliniki kuliko polisi, kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto. Mwambie ukweli: kuacha ghafla akiwa na mimba ni hatari, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza methadoni kwa mjamzito. Msindikize. Akiwa na mtoto mdogo, mshikie mtoto akienda dirishani kunywa dozi. Kumshikia mtoto ni utetezi pia, na wanaume wengi kwenye kazi hii hawauoni.

Nyumbani

Familia nayo huvunja haki, mara nyingi kwa mapenzi. Kijana anafungwa kamba, au anapelekwa usiku kwenye nyumba ya tiba asiyoijua. Kaa na mzazi, msikilize hadi mwisho, kisha mpe maswali ya kuuliza kabla ya kulipa: kituo kina leseni ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya? Kuna daktari? Mgonjwa amekubali? Anaweza kupigiwa simu? Jibu likiwa "hapana" mara mbili, pesa zibaki mfukoni.

Daftari

Hasira husahau tarehe, daftari halisahau. Kila tukio liwe na siku, saa, mahali, kilichotokea, namba ya askari ikiwezekana, namba ya OB, na shahidi. Mistari mitano inatosha. Matukio 20 ya mistari mitano yatafungua milango ambayo kilio kimoja kikubwa hakifungui, ukianzia na IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Usipige picha nyuso. Usitume sauti ya mtu kwenye kundi la WhatsApp. Habari za afya ya mtu zinalindwa na sheria ya kulinda data ya 2019, na hata isingekuwapo, picha moja ya maskani inatosha kuleta msako. Na ridhaa ya mtu mwenye arosto usiihesabu. Rudi kesho akiwa na nafuu, umuulize tena.

Kwa imamu, kwa MCA

Pwani huwezi kuruka msikiti na kanisa. Usiende kwa imamu na makaratasi ya Umoja wa Mataifa. Nenda na kuhifadhi nafsi, moja ya makusudio ya sharia ya Kiislamu. Atakujibu kwa kusudio jingine, kuhifadhi akili, naye ana haki ya kujibu hivyo. Mwambie nafsi ikishatoka hakuna akili ya kuhifadhi, na kwamba sindano safi na methadoni humweka mtu hai mpaka toba imkute. Mtajie MEWA, shirika la Kiislamu linaloifanya kazi hii Mombasa. Kisha mwalike akae saa moja tu karibu na dirisha la methadoni. Asubuhi moja ya kuona baba wa watu akinywa dozi yake na kwenda kibaruani inafanya kazi kuliko semina.

Kwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, anza na anachohesabu. Utafiti uliofanywa Kenya 2011 ulikuta VVU kwa karibu watu 18 kati ya kila 100 wanaojidunga waliopimwa. Wana wake, waume, wapenzi. Mwonyeshe kliniki aliyonayo karibu: Kisauni ipo, na Malindi methadoni imetolewa tangu 2015. Dar es Salaam walitangulia, Muhimbili, 2011.

Atakuuliza kuhusu Ureno, nchi inayotajwa sana kwenye mjadala wa sheria za dawa. Wengi hukosea hapa, kwa hiyo kuwa sahihi. Ureno haikuhalalisha dawa. Tangu 2001, anayekutwa na kiasi cha matumizi yake tu hafanyiwi kesi ya jinai bali anapelekwa mbele ya jopo linaloweza kumwelekeza kwenye tiba. Muuzaji bado anafungwa. Na mwaka 2018 wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa walikubaliana kuunga mkono njia za namna hiyo. Ukitia chumvi mara moja, hatakusikiliza mara ya pili.

Kisha andika. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Barua iwe fupi hivi:

"Kwa mujibu wa sheria ya kupata habari ya 2016, naomba kujua: katika mwaka wa fedha uliopita, kaunti ilinunua dozi ngapi za naloksoni, zilipelekwa vituo gani, na ni wahudumu wangapi waliofundishwa kuzitumia."

Maswali matatu, karatasi moja, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, peleka nakala hiyo kwa Ombudsman. Wakijibu "hakuna", una msingi wa ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kila mkazi ana haki ya kuliwasilisha. Omba kitu kimoja kinachopimika: naloksoni kwenye kila gari la wagonjwa la kaunti, kwa mfano. Ukiomba "mageuzi ya sera" utapewa mkutano na soda.

Siku ya kamati, wewe usiwe msemaji mkuu. Aseme anayetumia, au anayekunywa methadoni. Jiandaeni pamoja siku mbili kabla. Amua naye nini hatasema; si lazima avue maisha yake yote mbele ya wageni. Lipa nauli yake kabla, si baada. Na mkutano usiwe saa mbili asubuhi, maana saa mbili yuko kwenye foleni ya dozi. Omba saa tano. Wakikataa kubadilisha saa, hilo nalo liandike daftarini.

Tarehe 26 Juni, wakati serikali inaadhimisha siku ya kupinga dawa za kulevya, makundi katika miji mingi duniani husimama chini ya kampeni ya Support. Don't Punish, tangu 2013. Itumie siku hiyo kupeleka barua, maana waandishi wa habari wanatafuta habari na maafisa wako ofisini.

Jibu likija, lipeleke maskani kabla hujalipeleka kwa mfadhili. Lisome kwa sauti, hata kama ni la kukataa. Kisha uliza nani ataandika barua ya pili, umwachie kalamu.