Kusafisha Filme Kubwa Nyumbani



Sisi wa mwaka wa sita tunaleta somo juu ya filme kubwa ya picha nyeusi na nyeupe. Hii si ile ya kuzungushwa. Iko kipande kimoja kimoja, karibu sentimetre 10 kwa 12 na nusu, na kila kipande kina picha moja tu. Ukiiharibu, hakuna ingine.

Tukumbuke mfano wa inchi yetu. Mwaka 1904, kule Baringa, misionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, akitazama mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa wakati watu walilazimishwa kutafuta mpira porini. Picha ile ilionyeshwa Uingereza na Marekani, ikashuhudia uovu wa utawala wa Leopold II. Lakini kwanza ilipashwa kupita katika giza na dawa. Basi, namna gani tutafanya ile kazi bila kupoteza picha?

1. Matayarisho. Kazi ifanyike usiku, katika chumba kisichoingia nuru. Panga mabeseni manne kwa mstari: maji matupu, revelateri, maji yenye siki kidogo, fiksateri. Hapana kutumia vyombo vya chakula. Revelateri iwe na digrii 20. Kukiwa joto, weka beseni lake ndani ya lingine lenye maji baridi, juu joto jingi linaharakisha dawa na kulainisha ngozi ya filme.

2. Mikono ijifunze. Chukua filme iliyokwisha kuharibika, ufunge macho, ujaribu kazi yote. Shika filme wima: alama zilizokatwa ukingoni zikiwa juu kuume, upande wa dawa unakutazama.

3. Giza. Zima taa, hata ile nyekundu, kwani filme nyingi zinaona rangi zote. Lowesha kila filme peke yake katika maji, ili zisishikamane. Kisha zipeleke katika revelateri, upande wa dawa ukiwa juu. Toa ya chini, weka juu, polepole, bila kukwaruza, mpaka dakika zilizoandikwa juu ya dawa zitimie. Halafu siki, nusu dakika. Halafu fiksateri.

4. Mwisho. Filme ikiisha kukaa katika fiksateri dakika chache, washa taa. Ile rangi ya maziwa ikiondoka, ongeza wakati uleule tena. Osha nusu saa kwa maji yanayobadilishwa, utundike kwa pembe moja, mbali na vumbi. Fiksateri iliyotumika hapana kuimwaga karibu na kisima.

Maulizo
1. Juu ya nini tunalowesha filme moja moja?
2. Kwa nini mikono ijifunze mbele ya kuzima taa?
3. Katika jamaa yako, ni picha gani isiyoweza kupigwa tena? Nani anaitunza?