Kuunga Vyombo kwa Dhahabu, Kuchangia Wenye Shida

Bakuli la kauri likivunjika, mafundi wa Japani huliunga kwa utomvu, kisha hupitisha unga wa dhahabu juu ya ufa ili uonekane. Ufundi huo huitwa kintsugi. Kikundi chochote chaweza kukusanya vyombo vilivyovunjika majumbani, kikaviunga na kuvinadi kwa ajili ya yatima au wagonjwa. Lakini mnunuzi lazima aambiwe ukweli kuhusu anachonunua.

Njia ya asili hutumia utomvu wa mti uitwao urushi. Utomvu huo hukaukia penye unyevunyevu, si juani, na chombo kimoja huweza kuchukua miezi. Mti wenyewe ni wa jamii moja na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho mbichi anajua jinsi utomvu wake unavyobabua ngozi. Wa urushi nao huwasha na kutoa vipele. Mwachieni fundi aliyejifunza.

Kwa kikundi, njia rahisi ni gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu:

1. Osheni vipande, vikaushwe kabisa. Vipangeni kwanza bila gundi mjue kipi kinafuata kipi.
2. Changanyeni gundi kidogo kidogo, maana huganda upesi. Pakeni kingo, bananisheni, mshikize kwa utepe wa karatasi.
3. Gundi ikishakauka, kwangueni iliyofurika kwa wembe.
4. Pakeni mstari mwembamba wa gundi juu ya ufa. Ungali unanata, nyunyizeni unga kwa brashi laini.

Fungueni madirisha, vaeni glavu na barakoa. Watoto wasishike vigae wala wembe.

Chombo kilichoungwa hivi ni cha pambo. Kisitiliwe chakula wala chai ya moto, maana gundi nyingi za epoksi na unga wa madini si salama kwa chakula. Kila chombo kiambatishwe kikaratasi kinachoeleza hayo, pamoja na iwapo dhahabu ni halisi au ni rangi tu.

Kabla ya mnada, ulizeni ofisi ya serikali ya eneo lenu kuhusu kibali cha kuchangisha. Tangazeni nani atasaidiwa. Fedha zihesabiwe na watu wasiopungua wawili, risiti zitolewe, na hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe hadharani. Mchangiaji akiona fedha yake ilikofika, mwaka ujao atakuja tena.